Sura Moja, Kengele Mbili

Mwaka 1751 Isaac Norris, Spika wa Baraza la koloni la Pennsylvania, aliagiza kengele kutoka London. Ilikuwa ya kutundikwa kwenye mnara wa jengo la baraza mjini Philadelphia. Norris alikuwa Quaker, mtu wa dhehebu lile lile la Marafiki ambalo wamishonari wake wangefika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na alieleza kwa makini maneno ya kuandikwa juu ya shaba: kipande cha mstari wa 10, sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, kinachoagiza uhuru utangazwe katika nchi yote kwa kila aishiye humo. Kengele ilifika mwaka uliofuata. Ilipogongwa kwa majaribio ikapasuka. Mafundi wawili wa mjini, Pass na Stow, wakaiyeyusha na kuisubu upya, na majina yao yangali juu yake mpaka leo.

Mambo ya Walawi ni kitabu kinachowashinda wengi. Mtu huanza Januari na nia ya kuisoma Biblia nzima. Mwanzo humteremkia kama hadithi, Kutoka humkamata, halafu anaingia kwenye mafuta ya kondoo, ukoma na madoa ya kuta za nyumba, na hapo safari inakomea. Wanaofika sura ya 25 hukuta jambo zito. Kila mwaka wa hamsini baragumu ilie, Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya deni aachwe aende zake, na shamba lililouzwa lirudi kwa ukoo wake. Neno jubilei, tunaloliandika kwenye keki ya padri aliyetimiza miaka 25 ya upadri, lilitoka humo, kwenye madeni na mashamba. Lakini teremka mistari 34 kutoka ule wa kengele, na sura hiyo hiyo inawaruhusu Waisraeli kununua watumwa kwa mataifa yaliyowazunguka, wawe milki yao na urithi wa watoto wao.

Wamarekani wamebishana miaka mingi kama taifa lao lilijengwa juu ya Biblia. Upande mmoja huleta nukuu za waasisi, upande wa pili nao huleta nukuu za waasisi, na wote wana za kutosha. Mimi huona swali lenye faida zaidi ni nani alikuwa ameishika Biblia hiyo, na alipofika mstari upi akaifunga.

Waliovuka na Mayflower mwaka 1620, na Wapuritani waliowafuata, walilelewa kwa Biblia ya Geneva, tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1560 na wakimbizi wa dini. Sifa yake ilikuwa maelezo ya pembeni. Katika sura ya kwanza ya Kutoka, pale wakunga wa Kiebrania wanapokaidi amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume, maelezo yalisema ukaidi ule ulikuwa halali. Mfalme James wa Kwanza alisoma na akaelewa vizuri mno. Katika mkutano wa Hampton Court mwaka 1604 alilalamikia maelezo hayo, akaagiza tafsiri mpya isiyo na maneno ya pembeni, na ikatoka mwaka 1611. Biblia ya mfalme huyo ndiyo iliyokuja kuwa Biblia ya Wamarekani, watu waliojitenga na ufalme. Historia nayo ina utani wake.

Mwaka 1630 John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, aliandika hotuba maarufu ya mji uliojengwa juu ya mlima, akiazima maneno ya Yesu katika Mathayo. Marais wa karne ya ishirini, Kennedy na Reagan miongoni mwao, waliipenda sana picha hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba hotuba ya Winthrop ilibaki mswada wa mkono hadi ilipochapishwa mwaka 1838. Kizazi kilichopigania uhuru hakikuwa nayo mkononi.

Massachusetts ilikuwa koloni ambamo Biblia iliingia mahakamani moja kwa moja. Sheria za mwaka 1641 ziliorodhesha makosa ya kifo, kama vile kuabudu miungu mingine, uchawi na kukufuru, na kando ya karibu kila kosa pakaandikwa kitabu, sura na mstari. Mwaka 1647 ikaja sheria ya shule: mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Sababu iliyotolewa ni kwamba hila ya zamani ya Shetani ni kuwaficha watu Maandiko. Mtu anaweza kuicheka hoja hiyo, lakini shule zilijengwa, na eneo hilo la New England likawa miongoni mwa sehemu za dunia zilizokuwa na wasomaji wengi kuliko kwingine.

Koloni hilo hilo lilimfukuza Roger Williams, mhubiri aliyeshikilia kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Mwaka 1636 alianzisha mji wa Providence. Miaka minane baadaye akaandika juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Ukuta wa Williams ulikuwa wa kuilinda bustani, na jambo hilo tutalihitaji huko mbele.

Wenyeji wa nchi waliiona Biblia kwanza mikononi mwa watu wenye bunduki. Mwaka 1637, katika vita na Wapequot, kijiji cha Mystic kilichomwa moto alfajiri na mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, wakafia humo. Kapteni John Underhill, aliyekuwapo, aliandika kitabu mwaka uliofuata. Kwa wale waliouliza huruma ya Kikristo ilikuwa wapi, aliwaelekeza wakasome vita vya Daudi.

Mwingine alikuja na kamusi. Mchungaji John Eliot alijifunza lugha ya Wampanoag kwa msaada wa wenyeji, na mwaka 1663 Biblia nzima ikatoka kwenye mtambo wa Cambridge kwa lugha hiyo. Mmoja wa waliopanga herufi zake alikuwa mwenyeji wa kabila la Nipmuc aliyejulikana kwa jina la kazi yake, James Printer. Hiyo ndiyo Biblia kamili ya kwanza kuchapishwa katika makoloni ya Uingereza huko Amerika. Ya kwanza katika lugha ya Ulaya, ya Kijerumani, ilitoka Germantown mwaka 1743. Ya Kiingereza ilingoja hadi mwaka 1782, kwa kuwa haki ya kuichapisha ilikuwa ya waliopewa kibali na mfalme. Vita vilipofunga bandari, Robert Aitken wa Philadelphia akaichapisha, na bunge la wakati huo likaipendekeza kwa wananchi.

Waliompokea Eliot waliwekwa katika vijiji 14 vya sala, wakanyolewa nywele na kuvishwa nguo za Kizungu. Vita vya mwaka 1675 vilipozuka kati ya wakoloni na Metacom, chifu wa Wampanoag, Wakristo hao hawakuaminiwa na upande wowote. Serikali ya koloni iliwahamishia mamia yao kisiwa cha Deer, kwenye bandari ya Boston, wakati wa baridi, na wengi wakafa kwa njaa na baridi. Biblia walikuwa nayo. Kuni hawakuwa nazo.

Tuvuke karne moja. Januari 1776 Thomas Paine, fundi wa zamani wa korseti za mifupa ya nyangumi aliyehamia kutoka Uingereza, alichapisha kijitabu cha kuyataka makoloni yajitenge. Kurasa zake kali zaidi dhidi ya ufalme ni mahubiri. Anamleta Gideoni aliyekataa kutawazwa, kisha anakaa sana kwenye sura ya nane ya Samweli wa Kwanza, pale Waisraeli wanapodai mfalme na nabii anawaorodheshea gharama: wana wenu kwa magari yake ya vita, binti zenu kwa jikoni lake, fungu la kumi la mashamba yenu. Mkulima wa Connecticut hakuhitaji kumjua mwanafalsafa Montesquieu. Hadithi ile aliijua tangu utotoni. Paine mwenyewe hakuiamini Biblia; miaka ya 1790 aliandika kitabu kizima cha kuipinga, na alipofariki mwaka 1809 waliomzika walihesabika kwa vidole. Alijua tu lugha ambayo wasomaji wake walifikiria nayo.

Mwaka 1984 mtaalamu wa siasa Donald Lutz alitoa hesabu ya manukuu katika maandishi ya kisiasa ya Wamarekani ya miaka 1760 hadi 1805. Biblia ilichukua asilimia 34, na kitabu kimoja kilichotajwa kuliko vyote kilikuwa Kumbukumbu la Torati, kitabu cha agano na sheria za taifa linalosimama mpakani mwa nchi mpya. Takwimu hiyo hutembea sana. Nyongeza yake haitembei: sehemu kubwa ya manukuu hayo ya Biblia ilitoka kwenye mahubiri yaliyochapishwa, na mhubiri kuinukuu Biblia ni kama mpishi kukutwa na chumvi.

Hata hivyo, picha za Kutoka zilikuwa vichwani mwa wasiokuwa wahubiri. Siku ile ile ya Julai 4, 1776, waasisi Franklin, Jefferson na John Adams walipewa kazi ya kubuni muhuri wa taifa. Franklin alitaka Musa akiwa ukingoni mwa Bahari ya Shamu huku Farao akizama. Jefferson alipendekeza wana wa Israeli jangwani, wakiongozwa na wingu mchana na nguzo ya moto usiku. Wawili hawa ndio wale wale ambao imani yao iliwatia wachungaji mashaka. Michoro yao ilikataliwa, na muhuri uliopitishwa mwaka 1782 ukapata tai.

Halafu ikaja Katiba ya mwaka 1787, na humo Biblia ikanyamaza. Mungu hatajwi, ukiacha ile desturi ya kuandika tarehe kwa mwaka wa Bwana. Ibara ya sita inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe cheo cha serikali. Juni 28, mkutano ulipokwama, mzee Franklin alipendekeza kila asubuhi ianze kwa sala, akikumbusha zaburi ya nyumba isiyojengwa na Bwana. Hoja haikupita. Kwenye karatasi ya hotuba yake aliandika kwa mkono wake kwamba isipokuwa watu watatu au wanne, mkutano uliona sala si ya lazima. Miaka kumi baadaye Baraza la Seneti liliridhia kwa kauli moja mkataba na Tripoli, dola ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini, ambao ibara yake ya 11 ilisema serikali ya Marekani haikuasisiwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo. Mkataba ukachapishwa magazetini, na vurugu haikutokea.

Ungedhani ukimya huo ulikuwa kazi ya wasioamini. Jefferson, ni kweli, akiwa na miaka 77 alikaa nyumbani kwake Monticello na wembe, akakata nakala sita za Agano Jipya kwa Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akabandika maneno na mwenendo wa Yesu aliyoyakubali na kuiacha miujiza. Injili yake inaishia jiwe linapoviringishwa mlangoni pa kaburi. Lakini waliomsukuma yeye na mwanasiasa mwenzake Madison kwa nguvu zaidi walikuwa Wabaptisti wa Virginia, watu waliolala na Biblia chini ya mto. Kabla ya mapinduzi, makumi ya wahubiri wao walifungwa jela kwa kuhubiri bila kibali cha serikali iliyokuwa na kanisa lake. Sheria ya uhuru wa dini ya Virginia ilipopita mwaka 1786, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yalipothibitishwa mwaka 1791, walishangilia wao. Jefferson alipoandika mwaka 1802 juu ya ukuta kati ya kanisa na dola, barua ilikuwa ya kwenda kwa Wabaptisti wa Danbury. Ukuta wa bustani ya Williams ulikuwa umerudi.

Tafsiri yangu ni kwamba Biblia ilipata nguvu zake kubwa Marekani baada ya kunyimwa kiti serikalini. Chama cha Biblia cha Marekani kilianzishwa New York mwaka 1816, mitambo ya mvuke ikaja, na mwaka 1829 chama hicho kikaazimia kila kaya nchini iwe na Biblia katika miaka miwili. Nchi nzima ikasoma kitabu kimoja kwa chapa moja. Ndipo ilipogundua kwamba haikubaliani juu ya yaliyomo.

Turudi kwenye ile sura. Wachungaji wa Kusini waliotetea utumwa hawakuwa wajinga wa Maandiko. Walikuwa wasomaji hodari. Waliichukua mistari ya 44 hadi 46 ya Walawi 25, wakaongeza laana ya Nuhu juu ya Kanaani na barua ya Paulo kwa Filemoni, na kwa hesabu ya mstari kwa mstari walikuwa wagumu kuwashinda. Wapinzani wao walijibu kwa Kutoka 21, inayomhukumu kifo mwizi wa watu, na kwa Kumbukumbu la Torati 23, inayokataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake. Mwaka 1793 Rais George Washington alikuwa ametia saini sheria ya kuwarudisha.

Washington wakati huo aliishi Philadelphia, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mnara wa kengele. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimpa mtumwa nafasi ya kudai uhuru akikaa humo miezi sita mfululizo, basi rais alikuwa akiwazungusha watumwa wake nje ya jimbo kabla muda haujatimia. Jioni moja ya Mei 1796, familia ikiwa mezani, msichana Ona Judge alitoka mlangoni na hakurudi. Alikwenda New Hampshire. Akiwa mzee, katika miaka ya 1840, aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba nyumba ile haikumfundisha kusoma wala dini, na kwamba kusoma alijifunza baada ya kutoroka. Walipomuuliza kama anajuta, alijibu kuwa yu huru na anatumaini amefanywa mtoto wa Mungu.

Kusoma ndiko kulikoogopwa. Nat Turner, aliyeongoza maasi ya mwaka 1831 huko Virginia, alikuwa mhubiri aliyejua kusoma, na baada yake majimbo ya Kusini yalikaza sheria za kuwakataza weusi kufundishwa. Frederick Douglass, akiwa mtoto mtumwa Baltimore, alipata hamu ya kusoma kwa kumsikia bibi wa nyumba akisoma Biblia kwa sauti; bwana akakomesha masomo, akisema mtumwa akijua kusoma ameharibika. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya kufundishia watumwa wa visiwa vya Karibiani. Ilikuwa imepunguzwa: takriban sehemu tisa kati ya kumi za Agano la Kale hazimo. Musa haendi kwa Farao. Wembe wa Jefferson ulikata miujiza. Wembe huu ulikata njia ya kutokea.

Haukufua dafu. Hadithi ya Kutoka ilipita kwa midomo, kwa nyimbo na mikutano ya usiku, na Harriet Tubman, aliyerudi Maryland mara kwa mara kuwatorosha ndugu zake, akaitwa Musa. Katika miaka ya 1830 wapinga utumwa waliisoma upya ile shaba ya Philadelphia na kuipa jina la Kengele ya Uhuru. Wao ndio waliolisambaza jina hilo, tena kwa kejeli, kwa maana uhuru ulioandikwa juu yake ulikuwa haujawafikia wote.

Makanisa yakaanza kugawanyika kabla ya nchi. Wamethodisti walipasuka mwaka 1844 kwa sababu ya askofu wa Georgia aliyemiliki watumwa. Wabaptisti wa Kusini walijitenga mwaka 1845. Na mwaka huo wa 1844 Philadelphia iliona vita vya Biblia vya aina nyingine. Wakatoliki, wengi wao wahamiaji wa Ireland, walitaka watoto wao wasilazimishwe shuleni kusoma tafsiri ya King James. Uvumi ukaenea kwamba wanataka Biblia iondolewe kabisa. Mei, umati ukateketeza nyumba na makanisa mawili, moja likiwa la Mtakatifu Augustino. Katika mnara wake ilining'inia kengele dada ya ile ya Uhuru, iliyoagizwa London baada ya sauti ya ile iliyosubuliwa upya kutomridhisha Norris. Ilianguka motoni ikavunjika. Baadaye ilisubuliwa upya, na sasa iko Chuo Kikuu cha Villanova.

Abraham Lincoln, ambaye hakuwahi kujiunga na kanisa lolote, aliisoma Biblia kuliko marais wengi walioapa juu yake. Machi 4, 1865, katika hotuba fupi ya kuanza kipindi cha pili, alisema pande zote mbili za vita zilisoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukiomba msaada dhidi ya mwenzake. Hakujipa ushindi wa hoja. Septemba iliyotangulia, weusi wa Baltimore walimletea Biblia kubwa waliyochangia wenyewe. Leo hiyo iko Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, na chuo hicho hicho kinamiliki nakala ya ile Biblia iliyokatwa ya watumwa. Fisk ilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya walioachwa huru. Ilipokaribia kufilisika, mwaka 1871, kwaya ya wanafunzi wake ilitoka kwenda kuimba ili kuchangisha fedha, na jina walilopewa, Jubilee Singers, lilitoka katika Walawi 25.

Karne ya ishirini nitaipita haraka, maana ni mabishano yale yale yakiwa na vipaza sauti. Mwaka 1925 mwalimu wa Dayton, Tennessee, alishtakiwa kwa kufundisha nadharia ya Darwin. Mwaka 1956 Bunge lililoogopa ukomunisti likaufanya msemo wa kumtumainia Mungu kuwa kaulimbiu ya taifa. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ilikomesha usomaji wa Biblia wa ibada katika shule za umma. Mwaka 2024 Louisiana ikapitisha sheria ya kutundika Amri Kumi madarasani, na kesi zikafunguliwa. Kati ya hayo yote nachukua usiku mmoja: Memphis, Aprili 3, 1968, Martin Luther King akizungumza na wazoa taka waliogoma, akijifananisha na Musa aliyeonyeshwa nchi kutoka mlimani bila kuingia. Aliuawa jioni ya siku iliyofuata.

Nilisema Norris alichukua kipande cha mstari. Kilichobaki nje ya kengele kinasema kwamba mwaka wa jubilei kila mtu atarudi kwenye ardhi yake, na kila mtu kwa jamaa yake. Shaba ingetosha? Sijui mizani ya mafundi. Ila katika Biblia ya Eliot mstari huo upo mzima, kwa lugha ya watu waliokuwa na ardhi yenyewe. Lugha hiyo ilinyamaza katika karne ya 19. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, Mwampanoag wa Mashpee, Massachusetts, alianza kuifufua akitumia hati za zamani za ardhi na Biblia ile ya mwaka 1663, neno kwa neno, akitenga sarufi ya babu zake na mahubiri. Binti yake alikua akiizungumza, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka mia moja, na leo watoto wa Mashpee wanafundishwa kwa lugha hiyo darasani.